Kipimo cha utepe cha mafuta na maji: kwa yanayoelea nakiamini, kwa yaliyoyeyuka sikitegemei

Kazi yangu ni kupima visima vya uangalizi, vinavyochimbwa kando ya matangi ya mafuta ili kujua kama yamevuja ardhini, na chombo ninachokishika kuliko vyote ni hiki: kichwa cha chuma kinachoning'inia kwenye utepe wenye alama za milimita. Kikigusa mafuta kinalia mfululizo. Kikiingia majini mlio unakatikakatika. Ndani yake mna mwanga unaotambua kimiminika, na ncha za umeme zinazotambua maji, kwa kuwa maji ya ardhini hupitisha umeme na petroli haipitishi.

Kwa petroli na dizeli nakipa alama zote. Ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake, na tabaka la milimita chache tu nalisoma bila kubahatisha. Kichoteo cha plastiki hakinipi uhakika huo, kwani kikitumbukizwa kwa pupa kinalivuruga tabaka lenyewe. Juu ya mafuta soma ukishusha. Mpaka wa mafuta na maji usome ukipandisha. Ukiusoma ukishusha, mafuta yaliyonata kwenye kichwa hufuatana nacho hadi majini, na unene unaongezeka bure. Unene huo nao ni wa kisimani: ardhini, kati ya chembe za mchanga, mara nyingi mambo ni tofauti kabisa, kwa hiyo msiuzidishe kwa eneo mkadai mmejua lita zilizovuja.

Kwa vimiminika vizito imani yangu inapungua. Trikloroethilini, inayotumika kuondoa grisi kwenye vyuma, ina takriban kilo 1.46 kwa lita. Huzama ikayapita maji hadi ikutane na udongo wa mfinyanzi, kisha hufuata mteremko wa udongo huo hata kama maji yanaelekea kwingine. Kipimo kitalia ikiwa tu kisima kimefika pale ilipotuama. Na sehemu kubwa haitulii kama dimbwi. Hubaki matone yaliyonaswa mchangani na kwenye nyufa za mwamba, yakiyeyuka kidogo kidogo kwa miongo.

Kinachoniudhi ni ripoti zinazoandika "hakuna mafuta" halafu zikaruhusu watu wanywe. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli, kwenye maji ya kunywa kuwa maikrogramu 10 kwa lita. Marekani inaruhusu maikrogramu 5 tu za trikloroethilini kwa lita, ilhali lita moja ya maji yanayoonekana meupe inaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 1 yake, yaani zaidi ya mara 200,000 ya ukomo huo. Maji hayo kipimo kitayasoma kama maji, basi. Mama anayemchotea mtoto maji anastahili jibu la maabara: chupa ndogo za mililita 40 zijazwe pomoni, pasibaki hata kiputo cha hewa, zisafirishwe kwenye barafu.

Ukikinunua, hakikisha kina waya wa kutuliza umeme, na uubane kwenye bomba la kisima kabla ya kushusha chochote, maana mvuke wa petroli unaweza kulipuka. Utepe uwe na ganda lisiloliwa na kemikali. Anza na kisima unachodhani ni safi, umalizie na kichafu zaidi, na uoshe kichwa na utepe kila unapohama.