Formasio ya "kutumika na wageni" hapa L'shi (Lubumbashi): asubuhi ya kwanza unaweza kusinzia, siku ya pili usikose

Bandugu, wengi mmeniandikia kuuliza kama ile formasio (mafunzo) ya siku mbili juu ya kutumika na watu wa nchi zingine, ile tangazo lake linazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya mji, inafaa ao ni kula feza za watu tu. Jina la nyumba inayofundisha siandiki, maana kuna mambo nitasema si matamu na sina haja ya kesi na mtu. Bei ni dola 150 kwa mtu, chakula ndani, sertifika ndani. Mi nililipiwa na sosiete (kampuni) yangu, tunafanya sutretansi ya migodi, yaani kazi ndogo ndogo ambazo sosiete kubwa za migodi zinatoa kwa wengine, tunaleta mafuta ya mashini na vipuri, wateja wetu wengi ni Wachina, halafu Waafrika Kusini, na Wahindi kidogo.

Kwanza muelewe kwa nini sali ilijaa. Tangu sheria ya 2017 iseme sutretansi ni ya sosiete ambazo kapitali yake kubwa iko mkononi mwa Wakongomani, vijana wengi wa hapa wamefungua biashara, na mtu ambaye hajawahi kukaa meza moja na mgeni anajikuta anajadili kontra na watu watatu wa China, mkalimani mmoja, na bwana mmoja kwenye kona ambaye hasemi neno lakini njo (ndio) yeye anaamua. Na hata walioajiriwa zamani mambo yamewabadilikia. Angalia Tenke Fungurume, mpaka 2016 ilikuwa ya Wamarekani wa Freeport, ikauzwa kwa Wachina wa China Molybdenum, mgodi ni ule ule, mlima ni ule ule, lakini mtu aliyezoea mkubwa wa Marekani akaamka na mkubwa mwingine kabisa. Hapo njo unaona haja ya kufundishwa kitu, hilo silipingi.

Sasa asubuhi ya kwanza. Sali nzuri, viti vizuri, umeme ukakatika saa tatu kama kawaida na jenereta ikawashwa haraka, hapo niwape haki yao. Lakini somo lenyewe lilikuwa projekta na grafiki, grafiki na projekta. Mufundishaji, papa mmoja (mzee) mwenye suti nzuri sana, alitupeleka moja kwa moja kwa Hofstede, yule Mholanzi aliyetumia majibu ya wafanyakazi wa IBM, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, kupima nchi moja moja: watu wanamuogopa mkubwa kiasi gani, mtu anajihesabu peke yake ao na ukoo wake, watu wanavumilia kiasi gani jambo lisilojulikana mwisho wake. Ni kazi kubwa, sikatai. Ila papa akatuwekea mstari mrefu kwenye ukuta, juu yake imeandikwa Kongo, na namba. Mama mmoja nyuma yangu akainua mkono akauliza ile namba imetoka wapi. Na aliuliza vizuri, kwa sababu katika ile kazi ya kwanza Kongo haimo, Afrika ya upande huu ilifungwa kwenye kifurushi kimoja kinaitwa Afrika Mashariki, ndani yake kuna Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, basi. Yaani jirani yetu Mzambia, wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, alipimwa kwenye gunia moja na mtu wa Addis Ababa, na sisi hata gunia hatukupata. Papa akajibu kwamba ni "makadirio" na akapita kwenye slaidi ya kufuata. Wafanyakazi wa IBM wa wakati ule, watu wa biro wenye tai, halafu unataka wanifasirie fundi wa Kipushi? Hapo wengi walianza kuangalia simu.

Alivyofika kwa Edward Hall, yule Mmarekani, watu wakaamka tena kidogo. Wazo lake ni kwamba kuna watu wanaoweka kila kitu ndani ya maneno, na kuna watu wanaoacha mengi yaeleweke kwa hali, kwa nani anasema, kwa kimya. Papa akatoa mfano wa imeili, na huu ulikuwa mzuri. Sisi tumesoma Kifaransa cha biro, barua ya kuomba malipo inaanza na heshima, inaendelea na heshima, haja yenyewe iko kwenye paragrafu ya tatu, inamalizika na heshima nusu ukurasa. Mteja wa Afrika Kusini anajibu mistari miwili bila hata salamu, anakuita kwa jina lako la kwanza, na wewe unabaki unajiuliza umemkosea nini. Hujamkosea. Kwake hiyo ni imeili ya kawaida, tena huenda ile barua yako ndefu hajaimaliza, amekwama kwenye heshima. Tangu siku hiyo haja yangu naiweka kwenye mstari wa kwanza, salamu naiacha fupi, na kweli majibu yanakuja mbio kidogo.

Chakula cha mchana bukari (ugali), samaki, sombe (majani ya muhogo). Kizuri. Tuendelee.

Siku ya pili njo iliyolipa ile dola 150 yote. Walileta yaya mmoja (dada mkubwa) ambaye alisoma Kichina huko huko China, akarudi, akafanya kazi ya ukalimani kwenye migodi upande wa Kolwezi miaka mingi. Huyu hakuleta projekta hata kidogo. Alichukua watu wanne, wawili wakawa Wachina, wawili wakawa sutretanti, akawapa kazi ya kupatana siku ya kuleta vipuri. Mkongomani anaambiwa lete Ijumaa. Anajua moyoni Ijumaa haiwezekani, lori bado liko Kasumbalesa kwenye foleni, lakini mbele yake kuna mukubwa, na mutu hawezi kusema hapana ku mukubwa mbele ya bantu, basi anasema "Ndiyo mukubwa, itafika." Kisha anaomba avansi, malipo ya mbele, ya asilimia thelathini. Mchina naye anajua direksio imeshakataa avansi, lakini hataki kumuaibisha mgeni wake mezani, anasema "Tutaangalia." Wote wawili wanatabasamu, wanapeana mikono, kila mmoja anaondoka na ndiyo ambayo haipo. Ijumaa hakuna vipuri, hakuna avansi, na kila upande unasema wale watu ni waongo. Sali nzima tulicheka mpaka machozi maana kila mmoja alijiona pale.

Ninachotaka mkamate hapa ni kwamba ugomvi ule haukutoka kwenye tofauti. Ulitoka kwenye kufanana! Wote wawili wana adabu ile ile ya kutosema hapana usoni. Grafiki za papa zingekuambia Wachina na sisi tuko karibu karibu kwenye kumheshimu mkubwa kwa hiyo mtaelewana bila shida, na kumbe pale pale njo panapochomeka. Yaya akatupa dawa rahisi: usiulize "mtaweza?", uliza "nani anasaini, na karatasi inafika kwake siku gani?" Na wewe mwenyewe ukiulizwa Ijumaa, usiseme hapana, sema "lori likivuka mpaka Jumatano, vipuri viko kwenu Ijumaa, likivuka Ijumaa ni Jumatatu," hivi hujamvunjia mtu heshima na hujadanganya.

Tena akasahihisha kitu ambacho papa alikuwa ametufundisha jana yake, kwamba Mchina hawezi kugombeza mtu hadharani kwa sababu ya uso, ya heshima. Yaya akasema wapi, nendeni kwenye shantie, pale kazi inafanyika, mukaone, mkubwa anamgombeza wa chini yake mbele ya wote, hata Mchina mwenzake, kisichofanyika ni wa chini kumpinga wa juu mbele ya watu. Shida inaanza pale kijana wa miaka ishirini na sita anapompigia kelele mzee mwenye wajukuu mbele ya ekipi yake. Kwa yule kijana ni daraja la kazi, kwa ekipi ni mtoto anatukana baba. Kazi inasimama, hakuna anayeelewa kwa nini. Hii peke yake ningependa isikilizwe na wale wakubwa wenyewe, lakini ndani ya sali hakukuwa na Mchina hata mmoja, wala Muhindi, wala Mwafrika Kusini. Formasio ya kuelewana, upande mmoja tu njo umekuja kuelewa.

Karatasi ya kalenda waliyotugawia, itunzeni. Mwaka mpya wa Kichina unaangukia kati ya tarehe 21 januari na 20 februari, viwanda kule vinafunga, kwa hiyo komandi ya vipuri itoke mapema, usingoje januari. Wiki ya kwanza ya oktoba nao wana mapumziko marefu. Afrika Kusini inalala kuanzia katikati ya desemba. Na saa: tukifungua biro saa mbili asubuhi, Beijing ni saa nane mchana, ukimaliza bukari yako huko wameshaenda nyumbani, basi mambo ya China yamalize asubuhi. Mama wa Kinshasa aliyekuwepo akakumbusha kwamba hata Kinshasa iko nyuma yetu saa moja na kila siku anapiga simu L'shi anakuta watu wameshatoka, akasema wageni wake ni sisi Walushois, watu wa L'shi. Haki yake.

Sasa lililonikera. Muda wa maswali kijana mmoja akasema mteja wake analipa baada ya siku tisini, wakati kontra imeandika thelathini, afanyeje. Papa wa suti akajibu kwamba tamaduni zingine zinajenga uhusiano kwanza, uwe na subira. Subira! Kijana ana mishahara ya kulipa. Huo si utamaduni, ni mwenye nguvu anakaa na feza ya mnyonge, na dawa yake si tabasamu. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na OHADA ina utaratibu mfupi wa kudai deni tribinali, ile injonksio ya kulipa (amri ya tribinali kwamba mdaiwa alipe), mwanasheria yeyote wa hapa anaijua. Hakuna aliyeitaja siku zote mbili. Vivyo hivyo mama mmoja aliposema wateja wanampita yeye mwenye sosiete wanaongea na kijana anayembebea makaratasi, akajibiwa "ni mila yao." Na yetu? Wakongomani hawampiti? Hakuna aliyetaka kuingia humo.

Kama ni mi napanga, siku ya kwanza ningeikata ibaki saa moja, nafasi yote apewe yaya, na aje mwanasheria mchana mmoja. Kwa sasa unaweza kuomba kulipia siku ya pili peke yake, mwenzangu wa biro aliomba wakamkubalia kwa dola 80. Na fakturi yenye TVA (kodi ya ongezeko la thamani) idai kabla hujatoa feza, yangu ilichelewa mpaka kontabu wangu akaanza kuniangalia vibaya.