Mr. Bean akiwa Doctor: nimeitazama The Curse of Fatal Death

Kama Rowan Atkinson unamjua kwa Mr. Bean tu, yule wa kuguna na kukodoa macho, humu utamshangaa. Anaongea mwanzo mwisho, tena kwa maringo ya mtu aliyeishi karne kadhaa na kuchoshwa na kila adui.

Ni kichekesho kifupi cha BBC cha Machi 1999, kilichotengenezwa kwa ajili ya Red Nose Day, siku ambayo Waingereza huchangisha fedha za misaada kwa kuchekesha watu. Kinaitania Doctor Who, tamthilia iliyoanza 1963, ya msafiri asiye binadamu aitwaye Doctor, anayekatiza nyakati ndani ya kibanda cha simu cha polisi na ambaye, akikaribia kufa, hupata mwili mpya na sura mpya. Mwaka ule tamthilia yenyewe ilikuwa imezimwa tangu 1989, ukiacha filamu moja ya 1996. Ndiyo maana nilipoitazama niliwaza watani msibani: wanamkejeli marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayekasirika, maana wanamjua kuliko wageni wote waliokuja kuzika.

Aliyeiandika, Steven Moffat, anaijua kweli. Kichekesho ninachokipenda kuliko vyote ni cha hongo. Adui mkubwa, Master (Jonathan Pryce, anayecheka kicheko cha kishetani hadi kinachosha kwa makusudi), anatamba kwamba amerudi zamani akamhonga msanifu wa jengo ili aweke mtego. Doctor anamjibu kwa upole kwamba alilitegemea hilo, akarudi nyuma zaidi na kumhonga yule yule kabla yake. Wanaendelea hivyo hivyo, huyu akimzidi yule kete. Swali ambalo sisi watazamaji hujiuliza kila siku, kwamba mwenye chombo cha kusafiri katika wakati anashindwaje, hapa limegeuzwa kuwa mchezo wote. Halafu Master anatumbukia kwenye mfereji wa maji machafu na kutambaa miaka 312 ili atoke. Anatumbukia tena. Na tena!

Kilichonichosha ni wenyeji wa sayari ambako kisa kinatokea, ambao walizungumza kwa kujamba (samahani kwa mnaokula). Wadogo zangu waligaragara kwa kicheko. Mimi baada ya mara ya pili nilitaka tuendelee na safari.

Mwishoni Doctor anauawa mfululizo, na sura zinapokezana: Richard E. Grant, Jim Broadbent, Hugh Grant, kisha Joanna Lumley. Doctor mwanamke! Mwaka 1999 huo ulikuwa mzaha. Mwaka 2017 BBC ikamtangaza Jodie Whittaker kuwa Doctor wa kwanza mwanamke kuongoza tamthilia yenyewe, na kuna waliokasirika kana kwamba hawakuwahi kuonywa. Moffat naye aliishia kukabidhiwa usukani wa Doctor Who, akaushika kuanzia 2010 hadi 2017.

Ushauri wangu: usianze na hii. Tazama kwanza vipindi viwili vitatu vya zamani vyenye Master, na vingine vyenye Daleks, wale viumbe katili waishio ndani ya magamba ya chuma, wenye sauti ya kukwaruza, ndipo utajua wanamcheka nani. YouTube ipo, haimalizi hata nusu saa, bando halitaumia.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na ushuzi.