Seti ya kusafishia shotgun ya geji 12 yenye kipimo cha chemba: uzoefu wangu

Ukifungua sanduku unakuta fimbo ya vipande vitatu, brashi ya shaba, brashi ya nailoni, sufi ya kupakia mafuta, vitambaa, chupa ndogo ya dawa ya kuyeyusha masizi, chupa ya mafuta, risasi bandia mbili, na kijipande cha shaba chenye mistari ambacho wengi hukiacha humo humo wakidhani ni pambo. Mimi naanza na hicho. Vingine vyote unaweza kuvipata popote, na vingine ni afadhali uvipate kwingine.

Kijipande hicho ni kipimo cha chemba, yaani ile sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Hapa Uganda kina kazi kubwa, kwa sababu shotgun za mitutu miwili zilizobaki kwenye familia na mashamba ya zamani mara nyingi ni za Kiingereza, na nyingi zina chemba ya milimita 65, yaani inchi mbili na nusu. Risasi zinazopatikana kwa urahisi sasa ni za milimita 70. Shotgun za pump za kampuni za ulinzi, zile za kusukuma mbao ya mbele ili kuingiza risasi, nazo kwa kawaida zina chemba ya milimita 76. Zote ni geji 12, na kwa macho risasi zinafanana.

Kosa linatokea hivi. Mtu anachukua risasi ya 70, anaitia kwenye bunduki ya 65, inaingia yote, bunduki inafunga vizuri, anasema inafaa. Lakini 70 iliyoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Likiwa bado limekunjwa kwa mtindo wa nyota, ganda hilo hilo lina takriban milimita 58 tu. Kwa hiyo litaingia kwenye chemba ya 65, na la 76 nalo litaingia kwenye chemba ya 70, bila ubishi wowote. Balaa linakuja baruti ikiwaka: mdomo wa ganda unafunguka kwenye koo la mtutu, pale chemba inapopungua kuelekea kwenye tundu, unabana njia ya marisau, na shinikizo linapanda. Bunduki inaweza kuvumilia kwa miaka, ikipiga bega kuliko kawaida na kulegea kidogo kidogo kwenye bawaba, hadi siku isiyovumilia. Maganda yanayotoka yamechanika au kuchakaa mdomoni ni dalili. Kinyume chake hakina hatari: risasi ya 70 kwenye chemba ya 76 ni sawa.

Kutumia kipimo ni kazi ya dakika moja, ila safisha chemba kwanza. Pale mdomo wa ganda unapofungukia hujikusanya pete ya masizi na plastiki iliyoyeyuka, na kipimo kikigota hapo kitakudanganya kwamba chemba ni fupi kuliko ilivyo. Ukishasafisha, kitie taratibu bila kusukuma, kiache kigote chenyewe, kisha soma mstari ulio sawa na ukingo wa nyuma wa mtutu. Pima mitutu yote miwili. Si ajabu mmoja kutofautiana na mwenzake, hasa kama fundi fulani aliwahi kupitisha chombo humo.

Hapo ndipo penye upungufu wa karatasi ya maelezo iliyokuja na seti. Inasema ukisoma 70, tumia 70. Si kweli kila mara. Kipimo kinapima urefu, hakipimi nguvu ya chuma. Bunduki iliyotoka kiwandani na 65, ikarefushwa baadaye na mtu bila kupelekwa kupimwa nguvu upya, itasoma 70 huku chuma chake ni kile kile. Kwa hiyo geuza mitutu usome alama zilizogongwa chini yake. Hakikisha bunduki ni tupu, vua mbao ya mbele, vunja bunduki (yaani ifungue kwenye bawaba), nyanyua mitutu itoke, na utaziona kwenye sehemu bapa chini ya chemba. Zilizopimwa nguvu Birmingham, Uingereza, kwa baruti ya kisasa zina herufi NP, au BNP kwa za baadaye, chini ya taji. Ukikuta 2½ au 2¾, huo ndio urefu wa chemba kwa inchi wakati wa kupimwa. Nyingine zinaandika shinikizo kwa tani: tani 3 kwa inchi mraba huendana na chemba ya inchi 2½, tani 3¼ na ya 2¾, tani 4 na magnum ya inchi 3. Za kisasa za Ulaya hutumia bar, kipimo kingine cha shinikizo. Risasi ya kawaida ya geji 12 imewekewa kikomo cha bar 740, na ile ya nguvu zaidi bar 1,050. Alama na kipimo vikigombana, sikiliza alama. Na kama chuma cha mtutu kina michoro ya mawimbi kama nyama ya mti uliopasuliwa, huo ni mtutu wa Damascus. Mingi ya aina hiyo ilipimwa kwa baruti nyeusi peke yake, na bila alama ya kupimwa kwa baruti ya kisasa itundike ukutani na kibali chake.

Kuna risasi za milimita 67 na 67.5 ambazo watengenezaji wameandika wazi kwenye boksi kwamba zinafaa chemba ya 65. Hizo ni halali. Kama boksi halisemi, usijisemee mwenyewe.

Jambo jingine ambalo hakuna kipimo cha kukuokoa nalo ni kuchanganya geji 20 na geji 12. Namba ya geji inahesabu kinyume: ni idadi ya mipira ya madini ya risasi yenye upana wa tundu inayotimiza ratili moja, kwa hiyo namba ikiongezeka tundu linapungua. Geji 12 ina tundu la milimita 18.5, geji 20 ina 15.6. Risasi ya geji 20 ikiangukia kwenye mtutu wa geji 12 inateleza, inapita chemba, inakwama mbele. Ukitazama nyuma unaona chemba tupu, unadhani hukutia risasi, unatia ya geji 12, unafyatua. Mtutu unapasuka karibu na mkono wa kushoto, ule unaoshika mbao ya mbele. Ndiyo maana watengenezaji wengi hupaka geji 20 rangi ya manjano. Usiziweke mfuko mmoja, na kama nyumba ina bunduki zote mbili, kila moja iwe na kabati lake la risasi. Na mlio ukitoka mwepesi, kama kizibo cha chupa, simama hapo hapo, toa risasi, vunja bunduki, tazama ndani ya mtutu kabla ya kutia nyingine. Huenda kifungashio cha marisau kimebaki njiani.

Turudi kwenye sanduku. Fimbo ni ya aluminiamu, na hapo ndipo walipobana matumizi. Nyuzi za viungo ni laini. Ukikaza kwa koleo zinalika, na baada ya hapo fimbo inajifungua katikati ya mtutu. Kaza kwa vidole tu, tia tone la mafuta kwenye kila kiungo. Nyuzi zenyewe ni za Kimarekani, kwa hiyo brashi za Kiingereza utakazokuta kwa mzee wa zamani hazitafungika. Brashi ya shaba ni nzuri. Ya nailoni ifanye ya kusafishia mifereji ya kitoa maganda, mtutuni haina nguvu.

Mpangilio wangu wa kusafisha ni huu. Risasi zikae chumba kingine kabisa. Toa, tazama, tia kidole kwenye chemba uhakikishe. Sukuma kitambaa kikavu, au karatasi ya gazeti iliyokunjwa, kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni. Hicho kinabeba masizi mengi, na dawa haipotei bure. Kisha brashi yenye dawa mara moja kwenda na kurudi, acha dakika 10 hadi 15, halafu piga brashi kama mara kumi, kila mara itoke kabisa mdomoni kabla ya kuirudisha. Ukiigeuza katikati, nywele zake zinapinda na brashi imekwisha. Mistari ya kijivu inayong'aa ni madini ya risasi yaliyoganda. Filamu nyeusi inayoteleza ni plastiki. Vitambaa hadi kitoke cheupe, kisha sufi yenye mafuta kidogo sana. Kwa chemba, nunua brashi ya geji 10 pembeni: ikizungushwa ndani ya chemba ya geji 12 inajaa vizuri na kung'oa ile pete niliyoitaja, kazi ambayo brashi iliyomo kwenye seti haiwezi. Maganda yanayong'ang'ania chemba ya pump mara nyingi dawa yake ni hiyo, wala siyo kununua springi mpya.

Chupa ya dawa iliyomo haitoshi hata mwezi kwa ghala lenye bunduki kumi. Hoppe's No. 9 ni bora zaidi, ila harufu yake inabaki chumbani. Kwa mafuta, natumia Ballistol kwa sababu haidhuru mbao wala ngozi. WD-40 hufukuza maji baada ya mvua, sawa, lakini utando wake ni mwembamba na haukai. Usiitegemee kama kinga. Entebbe na Kalangala, kwenye unyevu wa ziwa, chuma kilichoguswa na jasho la mkono kinaota kutu usiku mmoja, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye mafuta kila inaporudi kabatini. Moroto ni kinyume: mafuta mengi yanashika vumbi na kugeuka msasa, pale unafuta hadi karibu ikauke. Popote ulipo, usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au wenye sponji, maana vyote vinafyonza unyevu na kuutunza. Ukishapaka mafuta, isimamishe mdomo chini usiku wa kwanza, yasishuke kwenye mbao ya kitako na kuiozesha.

Mafuta na risasi havipatani. Mafuta mepesi hupenya kwenye fataki, ile ya kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, na kuiua, na chemba yenye mafuta huzuia ganda kushika kuta zake, hivyo mgongo wa bunduki unabeba mzigo usio wake. Futa chemba ikauke kabla ya kutia risasi.

Afande wa ghala la kampuni ya ulinzi aangalie na hili: askari anayetia na kutoa risasi zile zile kila zamu anaziua polepole. Mdomo wa nyota unaanza kufunguka, ukingo wa shaba unapinda, plastiki inatuna kwa kubanwa na springi ya magazini. Risasi kama hiyo ndiyo itakayokwama siku ya siku. Zipe zamu, na zilizotuna au zenye ukungu wa kijani kwenye shaba zitoe kazini, zirudishwe kwa utaratibu, zisitupwe shimoni.

Risasi bandia mbili ni za plastiki. Zinatosha kujaribu sefti: zitie, funga, weka sefti, vuta vifyatulio vyote viwili, achia vidole, ondoa sefti. Hakuna nyundo inayopaswa kuanguka. Ikianguka, bunduki haina tena kazi nyumbani kwako. Ukingo wa risasi hizo bandia huvunjika ukizitumia kwa bunduki zinazorusha maganda, basi za aluminiamu ni bora.

Na mwisho wa fundi wa nyumbani ni hapo. Unaweza kuvua mitutu, kusafisha, kupaka mafuta, kushika mitutu na mwili bila mbao ya mbele na kutikisa usikie kama inacheza. Ikicheza, au ukiona mwanga kati ya mitutu na uso wa nyuma, ni ya fundi mwenye leseni. Bisibisi ya kawaida inaharibu skrubu za bunduki za Kiingereza, mifereji yake ni myembamba mno. Tupa ya kukuza chemba, msasa kwenye kifyatulio ili kiwe chepesi, kujaza upya maganda jikoni: hayo hata usiyafikirie. Sheria ya Silaha ya 1970 inataka kibali cha bunduki na cha risasi, na biashara ya kutengeneza ni ya wenye leseni.

Wanaouliza kama seti hii inafaa SMG (aina ya AK-47) au rifle: hapana, brashi ni pana mno na kipimo hakihusu. Na huko msisome namba ya kwanza peke yake. 7.62×39, 7.62×51 na 7.62×54R ni risasi tatu tofauti, haziazimani. Risasi za zamani za Ulaya Mashariki nyingi zina fataki zinazoacha chumvi mtutuni, na mafuta hayayeyushi chumvi. Ni maji ya moto kwanza, kausha kabisa, halafu mafuta, na siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, fungua sanduku dukani na ukague mambo mawili: mistari ya kipimo iwe imechongwa kwenye shaba, siyo kupakwa rangi, kwa sababu dawa ya masizi inafuta rangi, na vipande vya fimbo vikiungwa vinyooke. Fimbo iliyopinda inakwaruza mtutu upande mmoja kila unaposafisha.