Seti ya mawe matatu ya kwarzi: angavu ndilo bora

Seti ina mawe matatu: moja angavu kama maji, amethisto ya zambarau, na la waridi. Lile angavu ndilo lililonishika. Lina pande sita na ncha kali, na ndani yake kuna ukungu mwembamba uliotanda upande mmoja tu. Nililikwaruzia chupa, chupa ikachorwa, jiwe likabaki zima. Ugumu wa kwarzi ni 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10; chupa haifiki hapo. Nimeridhika nalo kabisa.

Kijikaratasi kilichomo kinasema la waridi huvuta mapenzi na amethisto huleta usingizi. Anayetaka kitu cha kushika anapotafakari namwelewa, hata mimi hulishika ninaposoma. Ila mawe haya si dawa, na mgonjwa asiyawekee tumaini lake. Afadhali wangeandika maajabu ya kweli! Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele ya kwarzi kama hii ikibanwa hutoa umeme. Ukiipitishia umeme nayo hutetemeka, na kwa hiyo saa nyingi za mkononi zina kipande cha kwarzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Hakuna hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Amethisto msiianike juani, rangi hupauka. La waridi limetobolewa vibaya, uzi haupiti. Kama muuzaji anakubali, chukueni angavu peke yake.