Blackpool, mji wa pwani kaskazini-magharibi mwa Uingereza: tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kukata tiketi

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa sababu matangazo huonyesha mchanga mpana bila kutaja saa za maji, na hapa maji ndiyo yanayoamua siku yako.

Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka mita 8 hivi. Kiangazi, bamvua hujaa karibu na saa saba mchana, wageni wakiwa ndio kwanza wanashuka kwenye treni. Mchanga humezwa, mawimbi hupiga ngazi za zege, na huna pa kutandika kanga. Mwenye watoto achague maji mafu, yaani yasiyopanda wala kushuka sana, siku 8 au 9 baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapo mchana maji yamepwa na watoto wanacheza hadi alasiri.

Msiyafuate maji yakienda mbali. Yakirudi hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yenu. Chini ya magati pia pana hatari: mkondo huchimba mchanga kuzunguka nguzo, na dimbwi linalomfika mtu mzima magotini humfika mtoto kifuani.

Samaki na chipsi ni lazima, hasa haddock. Lakini maduka mengi ya kaskazini mwa Uingereza hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, basi Mwislamu aulize kabla ya kulipa. Siki itangulie, chumvi ifuate, la sivyo siki huiosha chumvi. Mle mkiwa mmeegemea ukuta, maana shakwe hupokonya wakitokea nyuma.

Mnara wa mita 158, uliofunguliwa 1894, hufungwa juu upepo ukizidi. Ukumbi wake wa dansi, wenye kinanda cha Wurlitzer, ni mzuri mno na unafaa zaidi siku ya mvua.

Kutoka stesheni ya London Euston mara nyingi hubadilishwa treni Preston, jumla saa 3 hivi. Tiketi nafuu hufungwa kwa treni moja tu; ukichelewa, imekufa. Beba koti la kuzuia upepo hata Julai.

Taa za mapambo za barabara ya pwani, kilomita 10 hivi, huwaka kuanzia mwisho wa Agosti hadi Januari. Acha gari, foleni haisogei. Panda tramu Starr Gate, mwanzo wa njia, upate kiti cha dirishani.