GR4J kwenye mto wenye daftari bovu: nyota nne

Nina miezi minane na GR4J, modeli ya Wafaransa ya kukadiria maji ya mto kutokana na mvua, ninayoiendesha kwa kifurushi cha airGR ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Nakadiria maji yanayopita kila siku kwenye mto mmoja mdogo unaoingia Wami, mkoani Morogoro. Nilianza na madaftari ya kina cha maji ya miaka sita, mengine yameloa, na kipimamvua kimoja, nacho kiko bondeni wakati mvua inanyesha mlimani.

Kwanza nilihangaika na SWAT, modeli nyingine ya maji ya bonde. Inataka ramani ya udongo, ya matumizi ya ardhi, na lundo la vigezo, yaani namba za kurekebisha hadi modeli ilingane na vipimo, unavyoishia kubahatisha. GR4J ina vinne, basi. Unailisha mvua na uvukizaji wa kila siku, na huo uvukizaji airGR inaukokotoa kwa joto na latitudo tu, sikutafuta takwimu za upepo ambazo hakuna aliyezipima. Ni bure, na ukishapakua huhitaji bando.

Mvua nilichukua ya CHIRPS, mchanganyiko wa setilaiti na vituo, kuanzia 1981, kila mraba kama kilomita 5. Kwa jumla ya mwezi iko vizuri. Kwa siku moja moja usiitegemee: hukadiriwa kwa vipindi vya siku tano ndipo igawanywe, kwa hiyo kilele cha mafuriko kwangu kiliwahi au kilichelewa siku nzima, na mara nyingi kilitoka kifupi.

Kilichonifanya niipende ni Aprili ya mwaka wa tatu. Mstari wa modeli unapanda, wa vipimo umelala. Nikachezea vigezo hadi usiku wa manane huku nikiilaani. Asubuhi nikafungua daftari: tarehe 3 hadi 19, mita 1.20, 1.20, 1.20, kalamu moja, mwandiko mmoja. Masika yote hayo mto haukupanda hata sentimita! Nikazifuta siku zote 17, nikaendesha upya, mistari ikaelewana.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu moja. Bonde zima inaliona kama ndoo moja. Bosi aliponiuliza msitu wa juu ukifyekwa maji yatakuwaje, sikuwa na pa kubonyeza. Nimerudi SWAT, naomba ramani za udongo.