Feri ya Luanda Kotieno hadi Mbita kwa Msafiri Mwenye Mbwa Anayeelekea Tanzania

Kwa mtu anayetoka Busia, Siaya au Bondo kwa gari lake akiwa na mbwa, naye anaelekea Tanzania kupitia mpaka wa Isebania, feri ya magari inayovuka kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita ndiyo njia ninayoipendekeza, na ninaipendekeza kwa ajili ya mbwa zaidi kuliko kwa ajili ya dereva. Inamwondolea msafiri mzunguko mrefu wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria kupitia Kisumu, Ahero na Kendu Bay, na inampa mnyama karibu saa nzima ya hewa ya ziwa, gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Anayeanzia Kisumu mjini hana faida hiyo. Yeye afuate lami ya Katito na Kendu Bay hadi Homa Bay, kwa kuwa kwenda hadi Rarieda, iliko Luanda Kotieno, ili tu kupanda feri ni kupoteza muda na mafuta.

Wapo wanaouliza kama haiwezekani kupakia gari Kisumu na kushukia Mwanza moja kwa moja. Meli ya MV Uhuru inayotumia bandari ya Kisumu ni ya mizigo, na msafiri wa kawaida mwenye gari dogo na mbwa hana nafasi ndani yake. Kwa hiyo safari hii ina vipande viwili: maji yanavukwa ndani ya Kenya, na mpaka unavukwa nchi kavu.

Kupanda feri ndiyo sehemu inayomtisha mbwa kuliko zote. Mlango wa chuma hushushwa hadi ufukweni, magari huingia moja baada ya jingine huku bodaboda na watembeao kwa miguu wakisubiri pembeni, na chuma hicho hulia kwa kishindo kila gurudumu linapokikanyaga. Mbwa wangu, ambaye si mwoga, alijikunja chini ya kiti cha nyuma na akabaki hapo mpaka injini ya feri ilipotulia katika mngurumo mmoja. Ni vizuri awe ametembezwa ufukweni na kujisaidia mapema, awe hajashiba sana, na afungwe mkanda wa shingoni kabla ya gari kuingia kwenye foleni, maana mbwa aliyeshtuka akipata mlango wazi hukimbia bila kutazama aendako.

Ndani ya feri hakuna mahali palipotengwa kwa wanyama, wala sikuona tangazo lolote linaloeleza kama mbwa anaruhusiwa, anatozwa nauli au anapaswa kuzibwa mdomo. Niliuliza kabla ya kulipa, nikaambiwa nilipie gari na abiria tu. Baharia aliyekuwa akiyapanga magari alinisogelea kwa upole akasema, “Mzee, huyu akae ndani ya gari mpaka watu wote wapande, kisha utamtoa ukitaka.” Ulikuwa utaratibu mzuri, na ninamshukuru, lakini ulitoka katika busara ya mtu mmoja. Zamu nyingine ikiwa na baharia asiyependa mbwa, msafiri atapewa jibu jingine kabisa, na hataweza kuonyesha kanuni yoyote iliyoandikwa. Ubao mmoja katika dirisha la tiketi ungemaliza jambo hili.

Kasoro kubwa zaidi ni jua. Sehemu ya magari iko wazi, na gari lililofungwa vioo chini ya jua la ziwani hugeuka tanuri kwa muda mfupi sana. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupunguza joto kwa kutweta, na kutweta ndani ya hewa ya moto hakumsaidii. Hivyo yule anayedhani kwamba atamfungia mbwa garini na kupanda juu kutazama mandhari asithubutu. Vioo vifunguliwe, mtu mmoja abaki naye, na maji ya kunywa yawe karibu. Maji hayo yatoke nyumbani, kwa sababu ya ziwani yana magonjwa yake. Anayeweza kuchagua saa achague feri ya asubuhi, wakati jua bado ni pole na upepo wa alasiri haujaanza kuinua mawimbi.

Kuhusu abiria wenzangu sina lawama. Wengi katika eneo hili humjua mbwa kama mlinzi wa boma, na kumwona amefungwa kamba akisafiri kama mgeni ni jambo jipya kwao. Wengine wanamwogopa, na wengine dini yao inawaelekeza wasiguswe naye. Wote hao wana haki ya kusafiri kwa amani, na anayepaswa kujisogeza ni mwenye mbwa. Mama mmoja mwenye magunia ya omena, yaani dagaa, aliniuliza, “Baba, huyo haumi?” Nilimhakikishia, lakini nikaifupisha kamba, na kweli mbwa alikuwa ameshaanza kuvutwa na harufu ya yale magunia. Omena ni mtaji wa mtu, na mbwa akitia mdomo humo mwenyewe atadai alipwe, tena kwa haki.

Upande wa usalama, jaketi okozi zilikuwepo na zilionekana, jambo ambalo nililitazama kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya mkasa wa kivuko cha Likoni, Mombasa, wa Septemba 2019, ambapo gari liliteleza likarudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye feri, siketi tena ndani ya gari feri inapokuwa inasogea, hasa likiwa karibu na mlango. Ninavuta breki ya mkono, ninaweka gia, ninatoka na mbwa akiwa kwenye kamba fupi, na tunasimama kando ya gari lenyewe. Mbwa hana jaketi, kwa hiyo kamba isifungwe kwenye chuma cha feri wala kwenye mlango wa gari. Ishikwe kwa mkono.

Ukishuka Mbita, barabara ya kwenda Homa Bay ni ya lami na haina shida. Tahadhari moja tu inamhusu mbwa: kusini mwa barabara hiyo liko Bonde la Lambwe, linalojulikana kwa mbung'o tangu zamani, na vimelea wanaoenezwa na mbung'o humuua mbwa asipotibiwa mapema. Usimshushe vichakani. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyomo bondeni humo, hairuhusu mbwa kwa vyovyote.

Kutoka Homa Bay hupitia Rongo na Migori hadi Isebania, na hapo ndipo karatasi zinapohesabika. Feri haikuniuliza hata kadi ya chanjo, na mtu anaweza kudanganyika akadhani mpakani kutakuwa vivyo hivyo. Sivyo. Kenya ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza mwaka 2014 na unaolenga mwaka 2030, nayo Tanzania ina ugonjwa huo huo wa kupambana nao, hivyo afisa wa mifugo anayesisitiza karatasi anafanya kazi inayookoa watoto wa pande zote mbili. Msafiri awe na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa yenye sahihi ya daktari wa mifugo, cheti cha afya ya mnyama kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo ambayo makao yake yako Kabete, na kibali cha kumwingiza mnyama kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi ya Tanzania. Chanjo isiachwe mpaka dakika za mwisho, kwani kinga huchukua majuma kadhaa kujengeka baada ya sindano ya kwanza.

Wengi husahau safari ya kurudi. Mbwa aliyetoka Kenya akirudi anahesabiwa kuwa mnyama anayeingizwa nchini, naye huhitaji kibali cha Kurugenzi hiyo hiyo pamoja na cheti cha afya kilichotolewa Tanzania. Kibali hicho kiombwe kabla ya kuondoka nyumbani, na nakala yake ikae ndani ya gari pamoja na tiketi ya feri ya kurudia.